Neno "Baba" Katika Makala ya Daktari

Daktari Akinyi,

Nina neno na wewe, na umeondoka kabla sijalisema. Wanaowaandikia marehemu wao huanza kwa pole na machozi. Mimi machozi nitayafikia baadaye, nikiona yanastahili. Kwanza nataka kujua ulichokijua kuhusu nyumba yangu, na ulikijua tangu lini.

Mvua zilipokatika, chuo kilikuandalia mhadhara wa kumbukumbu. Aliyetualika ni mwanafunzi wako Wasswa, ambaye siku hizi ni Profesa na ana kitambi cha uprofesa. "Mzee, wewe na mama mkae mbele," aliniambia kwa simu. "Nyinyi ndio ndugu zake hapa Kampala." Ni kweli. Wewe ulitoka kwenu ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, mimi nilitoka kaskazini, na mji huu ulitupokea sote kama wapangaji. Tukakaa safu ya tatu. Mke wangu Aciro alivaa gomesi ile ya zambarau uliyomnunulia mwenyewe, akaweka pochi mapajani, akatulia kama yuko kanisani.

Wakakusifu. Walisema kazi zako zinasomwa kila wanapochunguza magonjwa ya damu ya kurithi. Makala zako zilimulikwa ukutani, moja ikiondoka nyingine ikiingia, na jina lako likiwa la kwanza karibu kila mahali. Nilijivuna, sitakuficha. Kisha wakafika kwenye ile wanayoiita "makala ya familia ya Kampala", ile iliyokupandisha ndege, ile inayotajwa na watu wasioweza kuionyesha Kampala kwenye ramani. Hakuna aliyejua kwamba familia ya Kampala imekaa safu ya tatu.

Akasimama mgeni, mzee mwenye mvi kutoka nje, mtu wa heshima na sauti laini. Akasema kwa Kiingereza kwamba makala hiyo ilipotoka wenzake wengi walisita, kwa sababu waliona lipo jibu rahisi zaidi. Jibu hilo, alisema, halihitaji maabara. Linahitaji kumuuliza jirani.

Ukumbi ukacheka.

Aciro, ambaye Kiingereza chake ni cha bei na saizi za mivumba, zile nguo kuukuu alizouza soko la Owino maisha yake yote, aliona watu wanacheka, naye akacheka. Alicheka kwa adabu, kiganja mdomoni, asiwaaibishe wenyeji. Kisha akaniinamia.

"Amesema nini?"

"Anamsifu Daktari," nikasema.

Ngoja nikueleze unachokijua tayari, maana nataka ukisikie kwa mdomo wangu. Mtoto hapati siko seli, yaani selimundu, mpaka apewe na wazazi wote wawili, nusu huku, nusu huku. Mzazi mwenye nusu hasikii chochote, anaishi, anazeeka. Hayo nilifundishwa na wewe. Na makala yako ilisema hivi: mtoto anaumwa, mama ana nusu, baba hana kitu. Kwa kuwa baba hana kitu, ukaandika kwamba nusu ya pili haikutoka kwa mtu yeyote. Ilizuka upya ndani ya mtoto mwenyewe, badiliko dogo katika mbegu ya damu yake, jambo ambalo halijulikani kutokea. Hapo ndipo jina lako lilipopata mabawa.

Mtoto huyo alikuwa Atim wetu. Vita vilipokwisha huku Kampala, kwetu kaskazini ndiyo kwanza vinaanza, tukakimbilia chumba cha mdogo wangu Okello, askari polisi, katika kambi yao. Tulikaa chumba kimoja, pazia katikati. Atim alizaliwa hapo. Jina lake kwa Kiacholi ni la mtoto aliyezaliwa ugenini.

Na huko kambini ndiko ulikokuja mara ya kwanza, kijana, viatu mkononi kwa sababu ya matope, ukauliza kwa Kiswahili chako cha Kisumu, "Watu wa huyu mtoto ni akina nani hapa?" Nikakusahihisha sentensi kabla sijakusalimu. Ukacheka. "Mwalimu, Kiswahili chako kimevaa tai!" Nilijifunza Tanzania, ukimbizini, kwa watu wasiovumilia makosa. Tangu siku hiyo karatasi zako zote za kuwaeleza wazazi habari za ugonjwa zilipita kwangu kwanza, na ulikuwa ukinibishia kila koma.

Siku ulipotueleza majibu ulikaa mkekani, Atim mapajani, ukimkanda magoti kwa kitambaa cha moto. Ukaniambia: "Wewe huna kitu, Mwalimu. Damu yako safi kama shati la Jumapili." Nilichomwa sindano nyingi miaka ile, za malaria na za nini sijui, sikujiuliza ni ipi iliyokupa damu yangu. Nilifurahi kimyakimya. Ndugu zangu wa nyumbani walipopata habari walisema ugonjwa umetoka ukoo wa Aciro.  Aciro aliendelea kwenda Owino, akirudi anambeba mtoto mgongoni hata mtoto alipokuwa mrefu kama yeye.

Sasa unielewe, Daktari. Nimetoka kwenye mhadhara wako na kicheko cha watu wazima mia kadhaa masikioni. Nikaanza kuhesabu. Kabla Atim hajazaliwa nilikuwa nikienda kaskazini na kurudi, nikimtafuta mama yangu. Naondoka, chumbani anabaki mke wangu. Na nyuma ya pazia anabaki nani? "Kumuuliza jirani." Jirani yetu alikuwa Okello, ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye naye tumeshamzika na siwezi kumuuliza.

Nikaitoa picha ya Atim ya kipaimara. Nikaitazama pua. Nikaitazama namna alivyokunja mkono. Picha ileile niliyoipenda ikaanza kuniangalia kama shahidi.

Nawe nikakushuku. Wema wako wote niliupima upya, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Mayai uliyotuletea, karo uliyomlipia Atim. Nikajiuliza: huruma hii ilikuwa ya nani? Ya mgonjwa, au ya mume asiyejua? Nikakumbuka kwamba muda mfupi baada ya kumzika Atim ulikuja nyumbani, ukakataa chai, ukasema: "Mwalimu, nipe kidole." Nikauliza kwa nini. Ukasema unataka kujua kundi langu, siku ukiishiwa damu uje kwangu. Nikakupa kidole. Tangu siku hiyo hukutamka tena habari za shati la Jumapili. Nikitaja ile makala, ulinionyesha kitu dirishani.

Na hospitalini, mara ya mwisho. Ulikuwa umekonda, umenishika kidole kilekile. Ukasema, "Neno 'baba' lilinipiga chenga, Mwalimu." Nilidhani unamwita baba yako mzazi, wagonjwa hufanya hivyo. Nikakufunika shuka. Baada ya mhadhara sentensi hiyo ilinirudia kila siku, na kila siku ilizidi kuwa mbaya. Niliisikia hivi: aliyeitwa baba hakuwa baba, nawe umelijua hilo muda wote huo, ukanihurumia.

Nilinyamaza wiki kadhaa. Unajua Aciro hawezi kuvumilia ukimya wa mtu. Alasiri moja alikuwa sebuleni akitenga nguo za watoto na za watu wazima, maana kibanda sasa anacho mpwa wake lakini mzigo lazima aukague mwenyewe. Hakuinua macho.

"Wewe mzee, mbona unaniangalia kama afande wa kizuizi cha barabarani? Nimebeba nini?"

Nikamuuliza. Nililitunga swali kwa siku nyingi likiwa refu na la upole, likatoka fupi. "Atim ni mtoto wa nani?"

Alikuwa ameshika sweta ya mtoto mchanga. Akaikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka juu ya zingine.

"Nani amekuuliza hivyo?"

"Makala."

"Huyo Makala ni nani? Mwambie aje hapa mbele yangu."

Nikamweleza. Nilimweleza kama wewe ulivyokuwa ukieleza, nusu huku, nusu huku, na baba asiye na kitu. Kisha, kwa kuwa nimeshaanza, nikamwambia na alichokicheka pale ukumbini. Afadhali ningemficha hilo. Alikaa chini juu ya rundo la nguo.

"Nilicheka?"

"Ulicheka."

"Mbele ya watu wote?"

Nikajibu ndiyo. Akavuta upindo wa kanga akafuta uso, si macho tu, uso mzima, kama mtu aliyetoka shambani. Halafu akaniuliza jambo ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwa nimeliuliza.

"Hiyo damu ya baba waliitoa lini?"

"Mtoto alipopimwa mara ya kwanza."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Daktari, nilikuwa kaskazini. Barabara ilikuwa imefungwa. Nilikaa huko miezi, wakaanza kusema nimeuawa. Niliporudi Atim alikuwa tayari na jina la ugonjwa.

"Aliyempeleka hospitali ni Okello," Aciro akasema. "Mimi niko pembeni na mtoto analia. Yule mama wa kuandika, Muganda, mnene, mpole, akamwuliza: 'Afande, wewe nani ya mtoto?' Okello akasema, 'Mimi baba yake.' 'Haya, reta mkono.' Akareta."

Aliigiza sauti zote mbili, ya karani na ya Okello. Akaigiza hadi namna Okello alivyokunja mkono wa shati la polisi akigeuza uso pembeni, maana aliogopa sindano kuliko bunduki. Nikacheka bila kutaka. Yeye hakuwa anacheka.

Okello hakudanganya. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Kwa Kiswahili changu chenye tai angeweza kujiita baba mdogo, lakini kwa mtoto ambaye baba yake inasemekana amekufa njiani, kutamka "mdogo" mbele ya wageni kungekuwa kama kurudi nyuma hatua moja na kumwacha asimame peke yake. Kwa hiyo alisema baba, na kwa sauti. Karani akaandika baba. Nami nilipotokea baadaye, nimemshika Atim mkono, ananiita baba, ungeshuku nini? Ulikuwa na damu ya baba kwenye chupa na baba mwenyewe mbele yako akikusahihisha sarufi. Ndiyo maana hukuwahi kuniomba damu. Uliamini unayo.

Basi damu iliyomshitaki Aciro kwa miaka yote ilikuwa ya Okello, na kwa usafi wake inamwondoa hata Okello mwenyewe katika lile wazo nililolilea. Hapo ndipo niliona aibu, nikahamia upande wa pili wa chumba nikijifanya natafuta miwani.

"Na Daktari alijua," Aciro akasema nyuma yangu. "Kwenye matanga ya Atim, Okello alisimama akasema, 'Mimi ndiye nilimpeleka siku ya kwanza, nikatoa na damu yangu.' Wewe hukuwa unasikia chochote siku ile. Daktari alikuwa ameketi nasi wanawake. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina."

Kwa hiyo kidole.

Nikaenda kwa Wasswa. Nilipita Nakivubo kwa miguu, nikisukumwa na wabeba mizigo, nikipanga maneno. Ofisini kwake kuna picha yako kubwa, na chini ya picha kuna ile makala, kwenye fremu. Nikamuuliza wima, kabla sijakaa: "Profesa, Daktari aliwahi kuisahihisha hii?"

Akavua miwani. "Nusu ukurasa, mzee. Ipo."

"Mbona hukuionyesha ukutani?"

"Mzee wangu, watu hawanukuu masahihisho. Wananukuu habari."

Hakuona haya kulisema, na kwa hilo nilimheshimu kidogo. Akanitolea nakala. Ilikuwa katika kijarida ambacho hata jina lake sikuwahi kulisikia. Umeandika kwamba mtu aliyeorodheshwa kuwa baba alikuwa ndugu wa baba, ambaye katika lugha ya familia hiyo anaitwa baba kwa haki kabisa. Kwamba baba mzazi amepimwa, naye ana nusu. Kwamba badiliko ulilolitangaza halikutokea. Na sentensi ya mwisho: kosa ni la mwandishi, si la familia.

Nimeisoma sentensi hiyo hadi naijua kwa moyo. Ni safi, haina koma ya kubishania. Lakini, Akinyi, kutoka maabara yako hadi mlangoni kwetu ulikuwa ukija kwa miguu! Uliwaambia wasomaji usiowajua, wachache, kwa Kiingereza, jambo ambalo mimi na Aciro tulipaswa kuambiwa juu ya chai. Kwa nini? Nilishuku uliogopa kupoteza maabara. Lakini mwoga haandiki nusu ukurasa ule. Nashuku uliniogopa mimi. Nilikuwa nimetoka kuzika, na ungeniambia kwamba nusu ya kilichomuua ni yangu. Ukaona uniachie shati langu la Jumapili. Kama ni hivyo, huruma yako kwangu aliilipia mtu mwingine, kwa maneno ya ndugu zangu, na mwishoni kwa kicheko cha ukumbi mzima alichokiitikia bila kujua. Kama si hivyo, sijui ni nini, na hupo unijibu. Shaka hii itabaki hapa mezani kati yetu.

Nikamwambia Wasswa kwamba mhadhara ujao hiyo nusu ukurasa isomwe. Akazungusha kalamu. "Mzee, wafadhili watauliza maswali." Nikamwambia hata mke wangu ana maswali. Akafikiri, akasema labda tupimwe upya, mimi na mama, apate kitu kipya cha kuwaonyesha. Nilimshuku naye pia. Niliona anatafuta muda, sisi ni wazee, muda unaweza kumsaidia. Nilipomweleza Aciro alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani kabla sijamaliza.

Tulikwenda asubuhi. Anayeandika siku hizi ni binti mwenye kompyuta, mwepesi wa mikono. Akaniita babu kwa Kiganda.

"Jjajja, wewe ni nani wa mtoto?"

"Mimi ni baba yake. Baba mzazi, aliyemzaa. Andika yote, usifupishe."

"Na mama?"

"Mama ni mimi," Aciro akasema. "Yuleyule wa zamani. Sijabadilishwa."

Binti akacheka, akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia tulimzika. Akaacha kuandika, akatupa pole kwa Kiganda.

Majibu alituletea Wasswa mwenyewe, nyumbani, akasimama mlangoni kama mvulana uliyekuwa ukimtuma sambusa. Karatasi yangu na ya Aciro zilikuwa na mistari miwili miwili, mahali palepale. Ungeweza kuzifunika moja juu ya nyingine. "Nusu," akasema Wasswa. "Daktari alikuwa sahihi mara ya pili." Nilidhani Aciro atalia, au atanikumbusha ndugu zangu na midomo yao. Aliitazama karatasi yangu, kisha akasogea kwenye kochi akanipa nafasi.

"Karibu," akasema.

Hayo ndiyo yaliyotokea tangu ulipoondoka. Zipo na habari njema, nisiwe mkali tu. Kliniki zako zinawapima watoto wachanga kabla maumivu hayajaanza, na akina mama wanaondoka na dawa na zile karatasi zetu za Kiswahili. Niliiona moja mkononi mwa mke wa askari, ina koma uliyonikatalia. Hiyo haikutoka kwenye makala ya familia ya Kampala. Ilitoka kwenye zile zingine, zisizo na maajabu, ambazo mgeni mwenye mvi hakuzitaja.

Ninakuahidi hili. Mhadhara ujao nusu ukurasa wako utasomwa, kwa Kiswahili, na mimi, Aciro akiwa safu ya mbele kabisa. Wasswa amekubali kwa mdomo. Mdomo wa profesa nimeujua, kwa hiyo maneno nimeyahifadhi kichwani. Wakizima kipaza sauti nitayasema hivyohivyo, nimefundisha darasani miaka mingi. Nikifika kwenye neno baba nitasimama kidogo, niwaeleze. Na wakicheka, Aciro atakuwa anajua wanacheka nini, ataamua mwenyewe kama atawaitikia.

Lala sasa, Daktari. Machozi niliyokuahidi yamekuja, yamekuja kwa ajili ya kidole kile ulichokishika hospitalini na mimi nikakufunika shuka badala ya kukuuliza. Bado nina neno na wewe. Nitakuja nalo mwenyewe, na safari hiyo chai utakunywa.

Ni mimi,
Baba Atim